Waliomjua Liwelelo: Uhakiki wa Hoja ya Kushuhudia katika Kumthibitisha Muumba

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu (S.W.T.) na kumsalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), tunakusudia katika kurasa hizi kuihakiki hoja moja iliyoenea mno nchini kwetu, misikitini na makanisani, ndani ya mabasi na kwenye viwanja vya mihadhara. Hoja yenyewe ni kwamba kuwepo kwa Mungu si jambo la kujadiliwa, kwani watu wamekwisha kumshuhudia. Huyu atasema babu zetu walimjua kabla ya kuletewa kitabu chochote. Yule atasema aliugua, akaombewa, akapona. Wa tatu atatoa picha ya samaki au ya tikiti maji lililoandikwa Jina tukufu. Kwa nje ni hoja tatu, lakini mzizi wake ni mmoja: kwamba lile ambalo watu wameliona au wamelihisi linatosha kuwa burhani.

Sisi tunaamini bila ya chembe ya shaka kwamba Mwenyezi Mungu yupo. Tunachokihakiki hapa ni dalili, siyo kile kinachotolewa dalili. Imamu al-Ghazali (aliyefariki 505 H/1111) alimlalamikia sana rafiki mjinga wa Uislamu, yule anayeitetea dini kwa hoja mbovu, hata mwenye akili akiivunja ile hoja akadhani ameivunja na dini pamoja nayo. Marafiki wa namna hiyo hawajapungua.

Tumechagua kuanzia Bujora, na msomaji asishangae. Bujora ipo Kisesa, wilaya ya Magu, kiasi cha kilomita 20 kutoka Mwanza mjini kwa barabara iendayo Musoma. Hapo ndipo Padri David Clement, mmisionari Mkanada kutoka Quebec, alipoanza katika miaka ya 1950 kukusanya ngoma, viti vya enzi vya watemi na vyombo vya Wasukuma, kazi iliyozaa Makumbusho ya Wasukuma yaliyofunguliwa mwaka 1968. Kanisa lenyewe limejengwa kwa umbo la duara, mfano wa nyumba ya Kisukuma, na alama za utemi zimeingizwa ndani yake ili muumini amuone Yesu kuwa ndiye mtemi. Mtu anayepita pale haoni vitu vya kale tu. Anaona hoja iliyojengwa badala ya kuandikwa: kwamba Wasukuma walikuwa wakimjua Mungu tangu zamani, wakimwita Liwelelo au Seba, na kwamba dini iliyokuja ilimkuta mwenyeji amekwisha kuandaa kiti.

Sisi Waislamu hatuna makumbusho Bujora, lakini hoja hiyo tunayo, nasi twaiita fitra. Wahubiri wetu huitaja aya ya 172 ya Surat al-A'raf, inayohusu ahadi waliyoitoa wanadamu kwa Mola wao, na hadithi mashuhuri kwamba kila mtoto huzaliwa juu ya fitra, kisha wakaongeza: tazameni Wasukuma, tazameni Wachaga, tazameni Wakikuyu, kila kabila lina jina la Mungu. Aya ni haki na hadithi ni sahihi. Nyongeza ndiyo inayohitaji kupimwa.

Aliyeikusanya nyongeza hiyo kwa upana kuliko wote ni John Mbiti, kasisi wa Kianglikana kutoka Kenya aliyefariki mwaka 2019, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu namna Waafrika wanavyomfahamu Mungu. Alizipanga sifa za Mungu kutoka kwa mamia ya makabila: Mjuzi, Mwenye nguvu, wa Milele, aliyepo kila mahali. Msomaji aliyepita madrasa akiufungua ukurasa wake wa yaliyomo atahisi yuko nyumbani, kwa jinsi unavyofanana na somo letu la sifa ishirini. Na hapo ndipo penye tatizo. Mwaka huo huo wa 1970 Okot p'Bitek, Mwacholi wa Gulu nchini Uganda, alitoa kitabu kuwakabili Mbiti na wenziwe, akisema kwamba wameivalisha miungu ya Kiafrika nguo za Wayunani. Alisimulia kisa cha mapadri wa Kiitaliano waliowakusanya wazee wa Kiacholi mwaka 1911 wakawauliza ni nani aliyewaumba. Lugha ya wazee wale haikuwa na neno la kuumba kwa maana hiyo, basi swali likageuka: nani aliyewafinyanga? Wazee wakasema mtu huzaliwa na mama yake. Mapadri hawakuridhika, wakashikilia swali lao. Mwishowe mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu huzaliwa mzima kisha akapatwa na maradhi ya uti wa mgongo yakampinda akawa kibyongo, na mwenye kuwapinda watu hivyo anaitwa Rubanga. Mapadri wakafurahi: Rubanga ndiye Muumba! Jina hilo likaingia katika sala mpaka leo.

Mafaqihi wetu wanalijua kosa hili vizuri. Katika mlango wa adabu za kadhi imekatazwa kadhi kumlakinia shahidi, yaani kumtia maneno kinywani, kwani shahidi aliyelakiniwa anatoa ushahidi wa kadhi, siyo wake. Hatusemi kwamba kila jina lililokusanywa lilipatikana kwa njia ya Rubanga. Kwa Wasukuma hali ni bora zaidi, kwani Liwelelo ni jina la watu wenyewe na halikufinyangwa na mapadri. Lakini yatosha kuonyesha kwamba wingi wa majina si wingi wa mashahidi.

Kuna jambo jingine zito zaidi, nalo limo katika usuli ya fiqhi. Wanaosema kwamba wanadamu wote wamemkiri Mungu, na kwamba hawawezi wote kukubaliana juu ya uongo, wanatumia hoja ya mutawatir bila ya kuitaja. Ni kweli kwamba habari iliyopokewa na kundi kubwa kutoka kundi kubwa huleta yakini. Ndivyo tunavyojua kwamba kuna mji unaoitwa Makka hata kama hatujafika. Lakini wanausuli wameweka sharti: habari hiyo iishie kwenye jambo lililohisiwa kwa milango ya fahamu, lililoonwa kwa jicho au kusikiwa kwa sikio. Watu wa mji mzima wakikuambia wameuona moto sokoni, umepata elimu. Watu wa mji huo huo wakikuambia kwamba ulimwengu ni wenye kuzuka na kwamba unaye aliyeuzusha, hujapata elimu kwa kule kusema kwao, hata wawe milioni, kwani hili si jambo la kuonwa bali ni la kufikiriwa, na katika jambo la kufikiriwa wote wanaweza kuwa wamerithiana. Basi ushahidi wa makabila yote, hata ukisalimika na kulakiniwa, haufikii daraja ya mutawatir.

Hata hivyo hatutaki kuliacha jina la Liwelelo bila ya kulitendea haki. Jina hili limetokana na neno welelo, ambalo kwa Kisukuma ni ulimwengu. Mwenye elimu ya kalamu atauliza mara moja: je, aliyeitwa hivyo ni ulimwengu wenyewe, au ni mwenye ulimwengu? Swali si dogo, kwani ndilo linalotenganisha tauhidi na kuabudu viumbe. Nasi tunacho cha kufananisha. Wanavyuoni wa kalamu walilieleza neno la Kiarabu 'alam, yaani ulimwengu, kwamba linatokana na mzizi mmoja na alama, kwa kuwa ulimwengu ni alama inayomjulisha aliyeutengeneza. Msukuma na Mwarabu wote wawili wamelifunga jina la Muumba na jina la ulimwengu. Tofauti ni kwamba neno la Kiarabu, kwa maelezo hayo, linakutahadharisha: hii ni alama tu, usisimame hapa. Pengine mzee wa Kisukuma naye alikuwa na tahadhari hiyo moyoni mwake asiitie katika jina. Makumbusho hayawezi kutuambia.

Turudi Bujora kwa upande wake wa uchangamfu zaidi. Kila mwaka mwezi wa Juni, katika siku za sikukuu ya Kikatoliki ya Ekaristi, hufanyika mashindano ya ngoma yanayoitwa Bulabo. Vyama viwili vikubwa hushindana, Bagika na Bagalu, na asili yake ni waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliokuwa wakibishana nani ana dawa yenye nguvu zaidi. Njia waliyoipata ya kukata shauri ndiyo inayotumika hadi sasa: makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika viwanja vilivyo jirani, na atakayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Wapo wanaocheza na majembe, wapo wanaocheza na chatu wakijifunga naye mwilini. Umati ukihama kutoka uwanja huu kwenda ule, watu husema dawa ya ule imezidi.

Kama mchezo, haina ubaya wa kuzungumzwa hapa. Kama kanuni ya uthibitisho, ni kanuni kamili: umati ndio dalili. Na tukisema kweli ni kanuni ambayo sisi wenyewe tumeitumia. Katika miaka ya 1980 na 1990 mihadhara ya kulinganisha dini ilipoenea viwanjani, Mwanza ikiwa miongoni mwa miji iliyoipokea, tuliupimaje ushindi? Kwa takbira. Aliyesema jambo watu wakaitikia kwa sauti moja alihesabiwa ameshinda, na aliyekuwa akitafuta maneno alihesabiwa ameshindwa, ingawa huenda ndiye aliyekuwa akifikiri. Yalikuwamo mengi ya kheri katika mihadhara ile, na wengi walisilimu kwayo. Lakini Ngika na Gumha wasingekuwa wageni pale.

Sasa tuje kwa wenye miujiza. J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki wa Afrika Kusini, amekitaja kisa cha samaki mmoja katika soko la Unguja zama za rupia, ambaye michirizi ya mkia wake ilisomeka kama maandishi ya shahada. Samaki wa senti chache akapanda bei mpaka maelfu ya rupia. Samaki wa aina ile wapo wengi baharini na wote wana michirizi; aliyesomeka ni mmoja. Na mwaka 2011 nchi nzima, na majirani zetu wa Kenya na Uganda, walielekea kijiji cha Samunge huko Loliondo, kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Masapila, aliyesema kwamba Mungu alimwonyesha dawa katika ndoto. Kikombe kimoja shilingi 500. Foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi, na wapo waliofia njiani kabla ya kukifikia kikombe. Waislamu walikuwamo foleni wengi tu. Babu, kama alivyoitwa, alifariki mwaka 2021, na foleni ilikuwa imekwisha zamani. Waliorudi wakisema wamepona hawakuwa waongo wote. Mtu hunywa, kisha akajihisi nafuu, kisha akasema amejihisi nafuu kwa sababu amekunywa. Mawili ya kwanza ameyashuhudia. La tatu hakulishuhudia.

Hapa ndipo Imamu al-Ghazali anapotufaa kuliko mahali pengine popote. Katika mas-ala ya kumi na saba ya Tahafut al-Falasifa ameutoa mfano wa pamba na moto. Jicho, anasema kwa maana yake, linaona kwamba pamba imeungua ilipogusana na moto. Halioni kwamba imeungua kwa sababu ya moto. Kufuatana kunaonekana, usababishi hauonekani. Wengi wamelichukulia hili kuwa ni shindano la Waashaira na wanafalsafa tu, lisilomhusu mkulima wa Magu. Linamhusu mno.

Kwani katika Usukuma ushahidi wa "tumeona kwa macho yetu" umeua. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, walio wengi katika maeneo ya Wasukuma, na wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Dalili iliyojulikana kuliko zote ilikuwa macho mekundu ya kikongwe. Mwanamke aliyepika miaka hamsini kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe, katika nchi iliyoishiwa kuni, atakuwa na macho ya rangi gani? Mtoto wa jirani akafa. Kikongwe alipita pale jana yake. Macho yake ni mekundu. Kila kimoja kati ya hivi kimeonwa. Kisha kuanzia mwaka 2007 yakaja mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, kwa kuwa fulani alisemekana ametajirika kwa dawa ya viungo vyao, mpaka Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda akatangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Sheria ya Uchawi ilikuwapo tangu 1928. Isingeweza kuufuta ushahidi ambao watu wanauamini kuliko mahakama.

Mafaqihi wa Kishafii wamelisema nini? Imamu an-Nawawi (676 H/1277) katika Minhaj at-Talibin, kitabu kilichosomeshwa na masheikh wa pwani yetu vizazi kwa vizazi, ameweka kwamba kuua kwa sihiri kunathibiti kwa kukiri mwenyewe sahiri, wala hakuthibiti kwa bayyina. Mashahidi wawili waadilifu, ambao ushahidi wao unatosha kumtoa mtu roho katika mauaji ya kisu, hawatoshi katika sihiri. Kwa nini? Washereheshaji wanajibu kwamba shahidi haioni nia ya sahiri wala haoni athari ya sihiri yake. Anaona tu mtu aliyenong'ona na mtu aliyekufa. Faqihi na mwanakalamu wamefika mahali pamoja kwa njia mbili. Na lau hukumu hii moja ingehubiriwa Ijumaa kwa nguvu tunazozitumia kuhubiri maandishi ya kwenye tikiti maji, huenda tungewafaa vikongwe wachache.

Basi mtu hawezi kuukataa ushahidi wa kushuhudia pale unapomwelekea kikongwe, akaukubali pale unapomfurahisha. Aliyekubali kwamba kupona baada ya kikombe ni burhani ya Mungu ameufungua mlango ambao mpiga ramli naye atapita. Wanavyuoni waliliona hili mapema, ndiyo maana mambo yanayovunja ada wameyagawa mafungu: muujiza wa Mtume, karama ya walii, msaada kwa muumini wa kawaida, istidraji ya fasiki, na sihiri. Tendo lenyewe laweza kuwa moja kwa sura. Wasukuma wanamsimulia Ng'wanamalundi, mcheza ngoma mashuhuri wa zama za Wajerumani, kwamba alinyoosha kidole mti ukakauka. Tukikubali simulizi hiyo kwa ajili ya mjadala, mti mkavu hautuambii ni fungu lipi. Hilo linajulikana kwa hali ya mtu, na hali ya mtu inajulikana kwa kipimo kingine kilichotangulia. Al-Ghazali katika al-Munqidh anawaonya wanaotafuta yakini ya utume kwa fimbo kugeuka nyoka peke yake, kwani ukilitazama hilo tu bila ya mengine utashindwa kulitenganisha na sihiri. Bujora, ambako nyoka wapo kila Juni, maneno haya yana uzito wa pekee.

Atauliza msomaji: je, akili basi inathibitisha? Tunasema naam, lakini si kwa wepesi wa mwenye kusema kwamba kiti kina seremala na kwa hiyo ulimwengu una Muumba. Hicho ni kiasi cha kisichoonekana juu ya kinachoonekana, na wanavyuoni wamekitia ila: seremala tumemuona akichonga, Muumba hatukumuona akiumba, na seremala hakuumba mbao. Burhani yenyewe ni nzito zaidi. Ibn Sina (428 H/1037) hakuanza na kiti wala na nyota. Alianza na kuwepo kwenyewe. Kilichopo ama kinalazimika kuwepo kwa dhati yake, ama kinawezekana kuwa na kutokuwa; na mkusanyiko wa vinavyowezekana, hata usiwe na mwisho, unabaki ni wenye kuwezekana, unahitaji kilicho nje yake. Burhani hii haitegemei mgonjwa yeyote kupona.

Lakini haikusalimika na maswali, nasi hatutayaficha. Ibn Rushd (595 H/1198) alimjibu al-Ghazali kwamba mwenye kukanusha sababu katika vinavyoonekana amejinyima njia ya kumthibitisha Msababishi asiyeonekana: ukisema moto hauunguzi, kwa nini useme ulimwengu una mwenye kuuleta? Hoja hii ina nguvu. Waashaira wanajibu kwamba kanuni yao si kwamba kitu hiki kinasababisha kile, bali ni kwamba kilichowezekana kuwa na kutokuwa hakiegemei upande mmoja bila ya mwenye kukiegemeza. Kwa maoni yetu jibu hili linatosha kuiokoa burhani, halitoshi kumnyamazisha Ibn Rushd. Naye Ibn Taymiyya (728 H/1328) katika Radd yake juu ya wanamantiki alisema kwamba kiasi cha mantiki kinakupa jambo la jumla tu, kwamba yupo mleta fulani, hakikufikishi kwa Mwenyezi Mungu mwenyewe. Aya ndiyo inayofikisha, kama jua linavyojulisha mchana. Wa karibu yetu zaidi ni Muhammad Baqir as-Sadr, mwanachuoni wa Kishia wa Najaf aliyeuawa na utawala wa Iraq mwezi wa Aprili 1980. Katika kitabu chake cha mwaka 1972 juu ya misingi ya kimantiki ya istiqrai alidai kwamba njia ambayo mwanasayansi anaitumia kukusanya majaribio madogo madogo hadi akapata yakini ndiyo inayompeleka kwa Muumba, na kwamba anayeikataa hapa imempasa aikatae katika maabara pia. Huyu ameichukua tajriba, lakini tazama ni tajriba ipi: si tukio moja la ajabu, bali mpangilio wa kawaida uliomzunguka kila mtu.

Na hii ndiyo tofauti ambayo wahubiri wetu wameichanganya. Qur'ani inapoita watu kutazama, katika Surat al-Ghashiya kwa mfano, inawaonyesha ngamia, mbingu, milima na ardhi. Hakuna cha foleni hapo. Ngamia anaonwa na muumini na kafiri sawasawa, leo na kesho, wala hahitaji msimulizi aliyetoka safari. Mkulima wa Kisesa anayo mvua, anayo ng'ombe, analo ziwa. Dalili ya ajabu lazima usimuliwe na umati. Dalili ya kawaida unaikagua mwenyewe.

Lipo swali la kifiqhi ambalo haliepukiki: je, kila Muislamu analazimika kuijua dalili? As-Sanusi (895 H/1490), aliyetunga Umm al-Barahin, alikuwa mkali juu ya mwenye kufuata tu bila ya dalili katika itikadi, na aliandika matini yake ili mtu wa kawaida atoke katika taklidi. Matokeo yake tunayajua tuliopitia madrasa. Tuliziimba sifa ishirini pamoja na dalili zake kwa Kiarabu tusichokijua, tukichapwa kwa dalili iliyokosewa irabu. Tuliihifadhi burhani kwa taklidi! Kauli ya wengi, na ndiyo tunayoiegemea, ni kwamba imani ya mwenye kufuata ni sahihi, na ana dhambi ikiwa alikuwa na uwezo wa kutazama akaacha.

Akili na tajriba zinaweza kukutana. Jubayr bin Mut'im alikuja Madina akiwa bado mshirikina, kwa ajili ya mateka wa Badr. Akamsikia Mtume (S.A.W.) katika sala ya magharibi akisoma Surat at-Tur, akafika katika aya zinazouliza kama watu wameumbwa pasipo kitu au wao wenyewe ndio waumbaji. Amesimulia, na Bukhari ameipokea, kwamba moyo wake ulikaribia kuruka. Aya ile kwa umbo lake ni hoja ya mantiki: inazigawa njia na kuzifunga moja baada ya nyingine. Jubayr hakuona fimbo wala nyoka. Alichokihisi kilimjia kutokana na hoja, hakikuja badala yake, na kilikuwa chake yeye. Kwetu sisi ni habari ya mtu mkweli.

Anabaki mzee wa Bujora aliyekufa kabla ya kusikia lolote, akiwa hana ila jina la Liwelelo. Kwa Waashaira, kwa mujibu wa aya ya 15 ya Surat al-Israi, hakuna adhabu kabla ya kupelekwa Mtume, na mzee huyo ameokoka awe alilijua jina hilo au hakulijua. Kwa Imamu Abu Mansur al-Maturidi na waliomfuata, kumjua Muumba kunapasa kwa akili hata kama hakuna mjumbe, na hapo jina la Liwelelo linakuwa hoja ya kumtetea mzee, si hoja ya kututhibitishia sisi.

Na akija leo mtu katika msikiti wa Kisesa akasema amesilimu kwa sababu ya ndoto, imamu hana ruhusa ya kumwambia asubiri mpaka aifahamu burhani ya Ibn Sina. Atamlakinia shahada hapo hapo, kwani kumchelewesha ni kosa kubwa, na hapa kulakinia kumeruhusiwa. Dalili atafundishwa baada ya sala. Ndoto yake haitahojiwa, wala haitasimuliwa mimbarini.